Ubao Usioitika

Watu walimwita Risasi, na mgeni akilisikia jina hilo alimtazama mara mbili, akidhani mzee huyu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliwahi kuwa jambazi. Hakuwahi kumpiga hata kuku. Jina alilipata kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi zile kila neno lililosomwa na watu lilikuwa kwanza kipande cha madini ya risasi mkononi mwa mtu. Mtu huyo alikuwa yeye. Alisimama mbele ya kasha la herufi, akaziokota moja moja, akazipanga mstari kwa mstari zikiwa zimegeuka kama maandishi ya kwenye kioo, na mwisho wa siku ukurasa ulikuwa mzito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Mpangaji aliyekosea herufi moja usingizi ulimpaa. Siku hizi gazeti linatoka na makosa kama upele na hakuna anayeona haya, kwa sababu hakuna aliyelishika kwa mkono.

Kompyuta zilipoingia, herufi ziliuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu, na watu waliozijua wakaambiwa asanteni. Risasi akarudi nyumbani na jina lake na masikio mabovu. Chumba cha wapangaji herufi kilitengwa na mashine kwa ukuta wa mbao nyembamba, na mashine zilinguruma kutwa hadi vikombe vikatembea vyenyewe juu ya meza. Mle ndani watu waliongea kwa mikono na midomo. Alipotoka, sauti nzito alizisikia bado: lori likipita, mlango ukibamizwa. Sauti nyembamba zilikuwa zimemhama moja baada ya nyingine bila kuaga. Ndege waliacha kulia. Simu iliacha kulia. Alijifunza kumtazama mtu mdomo, kucheka wenzake wanapocheka, na kusema "ndiyo kabisa" pale panapoonekana kuhitaji jibu.

Binti yake alimletea kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa asubuhi moja, akasema kinakoroma kama redio iliyopotea stesheni, akakifungia kabatini.

"Mimi nasikia vizuri," alisema. "Ni nyinyi mnaomung'unya maneno."

Mkewe hakubishana. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, na alikuja kwenye ndoa na cherehani moja na gitaa la marehemu baba yake. Halikuwa gitaa la kuchomekwa kwenye umeme. Lilikuwa la nyuzi laini za nailoni, la kupigwa kwa vidole vitupu, na alilipiga jioni akiisha kufunika cherehani. Miaka ya kwanza Risasi alilisikia lote. Baadaye alilisikia nusu, nyuzi nene tu, kama mtu anayesikiliza maongezi ya nyumba ya pili. Hakumwambia.

Mwaka mmoja wa joto kali gundi ya gitaa iliachia, uso wake ukabonyea ndani. Walilipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza magitaa nyuma ya duka la vipuri. Yule mzee akaingiza kidole kwenye tundu, akakitoa kimejaa unga.

"Wadudu," alisema. "Hapa mmebaki na rangi tu."

Jioni hiyo mkewe alikaa akivinyoosha vidole vyake mbele ya taa. Viungo vilianza kuvimba. "Siku hizi mimi naamka, vyenyewe vinabaki vimelala," alisema. "Ningependa kulipiga gitaa zuri kabla havijakataa kabisa. Basi tu, ningependa."

"Nitakutengenezea," alisema Risasi.

"Wewe? Hata kitanda kinapiga kelele tangu mwaka juzi, hujakigonga msumari."

"Kitanda hakipigi kelele."

Mkewe akamtazama, akarudi kuvinyoosha vidole.

Hivyo ndivyo mpangaji herufi alivyokwenda kuwa mwanafunzi uzeeni. Yule mtengenezaji watu walimwita Masharubu, kwa kuwa masharubu yake yalifunika mdomo wote wa juu na sehemu ya wa chini. Karakana yake ilikuwa nyembamba kama ukumbi wa kupitia, mbao zimesimamishwa ukutani kila moja na chaki yake, jiriwa za kubania mbao zimening'inia kama nguo, sufuria ya gundi juu ya jiko dogo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Alifanya kazi kwa kupapasa na kusikiliza.

"Maisha yako ulikuwa ukifanya nini?" alimuuliza.

"Kupanga herufi."

"Basi mikono unayo. Na masikio?"

"Yapo."

"Najua yapo, nayaona hata mimi. Yanasikia?"

"Yanasikia," alijibu Risasi.

Kwa uongo huo mdogo ndivyo alivyoanza. Alijifunza kuzikunja mbavu za gitaa, zile mbao za pembeni, juu ya bomba la moto, ubao uliolowa ukitoa mvuke na harufu kama ya mkate, na akazivunja nyingi kabla ya moja kukubali kupinda. Alijifunza kuipika gundi ya ngozi ya ng'ombe, isichemke, ipate joto tu kama uji wa mgonjwa. Aliuliza kwa nini wasitumie gundi ya dukani, ile ya chupa.

"Ile inashika mpaka kiama," alisema Masharubu. "Hii ukiipa mvuke na kisu, inakuachia. Gitaa lazima liweze kufunguka, bwana. Aliyelitengeneza ni mtu, na mtu hukosea."

Hapo ndipo dunia ya leo ilipopotea njia. Kila kitu kinabandikwa kisifunguke tena, kikiharibika kinatupwa, na tunaita hayo maendeleo.

Shida ya Risasi ilikuwa yale masharubu. Hakuweza kuuona mdomo. Akiambiwa "lete patasi" alileta karatasi, nzuri, iliyokunjwa vizuri, na Masharubu akaipapasa na kusema, "Sasa hii nitachongea nini, barua?" Risasi akacheka kwa sauti kubwa, kana kwamba alikuwa akitania. Kosa lake la pili lilikuwa la kazi yake ya zamani. Kwenye kile kipande cha mfupa kinachozipokea nyuzi juu ya shingo, alichonga njia za nyuzi nene upande wa nyembamba na za nyembamba upande wa nene. Alikuwa ameusoma mchoro kwa macho ya kiwandani, kila kitu kimegeuka. Masharubu akapitisha ukucha juu ya ule mfupa, akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Hili gitaa umemtengenezea nani? Yule aliye ndani ya kioo?"

Hata hivyo kazi nzima ya gitaa iko kwenye uso wake, ule ubao wa mbele wenye tundu. Ukiwa mnene, gitaa ni kabati. Ukiwa mwembamba mno, nyuzi zitaukunja kama kadibodi. Unene wenyewe haupimwi kwa rula, maana kila ubao una tabia yake. Masharubu aliushika ubao pembeni kwa vidole viwili, akauinua karibu na sikio, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Unapiga hodi," alisema. "Ukikaa kimya, piga randa tena. Ukiitika 'karibu', weka randa chini, hata kama mkono unawasha. Ukipitiliza utakwambia mwenye nyumba kahama." Akagonga tena. "Umesikia huo? Mwembamba, unapanda juu, halafu unakaa kidogo."

"Nimesikia," alisema Risasi.

Alichosikia ni kifundo cha kidole kikigonga mbao. Kile kinachopanda juu na kukaa kidogo kilikuwa upande wa pili wa ukuta, pamoja na ndege.

Angesema siku ile, Masharubu angemfundisha namna nyingine. Labda ipo njia ya kuusikia ubao kwa ncha za vidole, au kwa kuukunja kidogo na kuona unavyokataa. Kipofu yule angejua, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshajifunza kuona bila macho. Lakini Risasi alisema amesikia, akasema tena wiki iliyofuata, na baada ya hapo uongo ukawa mkubwa kuliko mlango wa kutokea. Ule ubao wa kwanza aliumalizia nyumbani peke yake. Aligonga, akapiga randa, akagonga, akapiga randa, mpaka randa ikatokea upande wa pili. Mkewe alimkuta amekaa na ubao wenye tundu mapajani kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Hakula siku hiyo.

Masharubu hakumgombeza. Alipanda ngazi kwa kupapasa, akashusha kutoka darini mbao mbili za msonobari, ndugu wa gogo moja, alizozinunua akiwa kijana na kuziacha zikauke.

"Nilijiwekea," alisema. "Nilidhani nitatengeneza gitaa moja la mwisho. Lakini tazama mikono yangu hii, inacheza ngoma peke yake. Chukua. Utazisikiliza mwenyewe."

Hakuonana naye tena. Kifua kilimbana ghafla, na Risasi alipata habari kwa mwenye duka la vipuri, baada ya kuambiwa mara mbili. Alipokwenda karakana, wapwa wa marehemu walikuwa wameshatoa kila kitu nje. Kalibu za mbao za kukunjia mbavu, zilizochongwa kwa maisha mazima ya mtu, zilikuwa kwenye rundo la kuni. Jiriwa zilikwenda kwa fundi wa madirisha. Sasa mle ndani wanauza makasha ya simu, na kijana anayeyauza ukimwuliza hajui kwa nini sakafu ya duka lake imejaa madoa ya gundi.

Risasi aliunganisha zile mbao mbili, akazipiga randa mpaka alipoogopa. Hapo alisimama. Aligonga, akagonga, akauweka ubao mezani. Asubuhi ya siku ya pili alikwenda kwenye chumba cha cherehani, akasimama mlangoni kama mteja asiye na miadi.

"Nataka unisaidie kusikiliza," alisema.

Mkewe aliinua mguu kutoka kwenye cherehani. "Kusikiliza nini?"

"Ubao. Mimi masikio yangu..."

"Najua," alisema mkewe.

"Tangu lini?"

"Tangu lile birika lilipoungua linapiga mluzi, na wewe umekaa kando yake unasoma gazeti."

Risasi akauangalia ubao. Aliona aibu kuliko siku alipoachishwa kazi. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unajibu vizuri tu," alisema mkewe. "Nilisema nisikuharibie."

Basi wakawa wanafanya kazi wawili. Risasi alipiga randa kwenye meza ya jikoni, akiondoa maranda membamba kama ganda la kitunguu, kisha akapeleka ubao kwenye chumba cha cherehani, akagonga, akamtazama mkewe mdomo. Mkewe aliinamisha kichwa.

"Bado."

Akarudi jikoni. Akaja tena.

"Bado, baba."

Majirani walidhani wazee wamepata wazimu wa pamoja. Jirani mmoja, mwanamke mcheshi, alichungulia dirishani akauliza, "Jamani, mnampigia nani hodi humo ndani na nyumba ni yenu?" Walicheka. Ulikuwa wakati mzuri, na Risasi baadaye alijilaumu kwa kutojua kuwa ndio ulikuwa wakati wenyewe.

Siku moja aliuinua ubao dirishani, mwanga ukapita ndani yake, mwekundu, kama unavyopita kwenye sikio la mtoto. Alikwenda akagonga. Mkewe hakuutazama ubao. Alitazama mikono ya mumewe, malengelenge yake.

"Umeitika," alisema.

"Kweli?"

"Umeitika. Weka randa chini."

Akaiweka. Akabandika vijiti vya ndani, akafunga mgongo, akatia shingo, akachonga mfupa kwa uangalifu, safari hii nene upande wa nene. Lilipokauka na kung'aa, alivalisha nyuzi, akampa mkewe kwa mikono miwili. Mkewe alilikumbatia, akanusa tundu lake, akapiga. Risasi aliona vidole vikitembea. Alisikia nyuzi nene kwa mbali.

"Likoje?"

"Zuri," alisema mkewe. "Zuri sana. Kazi yako haikupotea bure."

Risasi alitembea wima kwa miezi miwili au mitatu. Kila jioni alikaa karibu na gitaa kuliko alivyokaa enzi za lile la zamani. Jioni moja mkewe alivuta uzi mwembamba kwa nguvu, na Risasi akaruka kwenye kiti.

"Nimeusikia huo! Huo mwembamba, nimeusikia!"

Mkewe alicheka mpaka macho yakamlenga. Tangu siku hiyo alipiga hivyo, kwa nguvu.

Kisha alikuja mwalimu wa muziki wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi, kuchukua gauni lake. Mkewe alikuwa ametoka kununua zipu. Risasi hakuweza kujizuia. Alilishusha gitaa kutoka ukutani.

"Shikamoo mzee, hili nani kalitengeneza?"

"Marahaba. Mimi. Lipige basi."

Mwalimu alipiga. Risasi hakutazama vidole. Alitazama uso, kwa kuwa nyuso ndizo alizozoea kuzisoma. Aliona uso wa mtu aliyepewa chai isiyo na sukari huku mwenyeji wake akiwa amesimama mbele yake.

"Zuri, mzee. Limependeza sana."

"Mwanangu, niambie kama unavyomwambia fundi. Usiniambie kama mzee."

Mwalimu aliubana ukingo wa tundu kwa vidole viwili, akiupima. "Limezibwa. Sauti ipo, lakini ni kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Uso ni mnene. Ungeendelea kidogo tu, mzee. Kidogo sana."

Risasi alilitundika gitaa mahali pake. "Ukimwona mke wangu, usimwambie ulilipiga."

Aliujua mdomo wa mkewe kuliko mdomo wowote duniani, na alikuwa ameusoma vibaya. Hakukasirika. Alikumbuka ubao wenye tundu, na siku aliyokataa kula. Gitaa lingeweza kufunguliwa, uso ukapigwa randa kidogo tena. Gundi ilikuwa ya ngozi. Lakini kulifungua ilikuwa kumwambia mkewe: ulinidanganya, na nimejua. Akaona heri likae bubu. Kila jioni alisema, "Leo nimesikia," na mkewe akafurahi.

Mchana mmoja aliingia chumba cha cherehani bila kutarajiwa. Mkewe alikuwa ametumbukiza mkono wa kulia kwenye bakuli la maji ya chumvi. Akautoa haraka.

"Sindano," alisema.

Risasi aliushika ule mkono, akaugeuza. Ncha za vidole vitatu zilikuwa zimechubuka hadi nyama, kucha zimekatika, viungo vimevimba kama mafundo ya kamba. Sindano haichomi vidole vitatu mahali pamoja. Alikuwa akilivuta lile gitaa kwa nguvu zake zote, siku baada ya siku, ili sauti itoke chini ya blanketi imfikie mzee mmoja kiziwi aruke kwenye kiti.

Alikwenda akaliteremsha gitaa, akaweka birika jikoni, akatia kisu chembamba kwenye mvuke. Mkewe alikuja akasimama mlangoni na mkono unaodondosha maji.

"Unafanya nini?"

"Nalifungua."

Mkewe alivuta kigoda, akakaa.

Kisu kiliingia kwenye ukingo, gundi ikalainika, mgongo ukaanza kuachia kama ilivyofundishwa. Lakini hakukuwa na kipofu wa kumwambia aingie upande gani, wala aache mvuke upoe kiasi gani. Alipofika chini, ambapo kipande kinene cha ndani kimeshikana na uso, kisu kiligoma. Akasukuma. Ufa ulitokea chini ya uso, ukakimbia na mistari ya ubao hadi kwenye tundu, kwa mlio mkali, mwembamba, uliopanda juu.

"Huo nimeusikia," alisema Risasi.

Walikaa wakilitazama. Mbao nyingine hazikuwepo, wala dari la Masharubu, wala mtu aliyezijua.

"Haukuwa umeitika," alisema mkewe. "Ulikuwa kama meza."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda kununua zipu."

Mkewe alijifuta mkono kwenye khanga polepole. "Nilidhani utautoboa tena. Nilikuona ulivyokaa siku ile, nikasema bora uishie hapo. Ungeniambia, baba."

"Na wewe ungeniambia."

"Na mimi ningekuambia," alikubali.

Kabla mwaka haujaisha vidole vya mkewe vilikataa kabisa. Binti yao, kwa nia njema, alileta gitaa la dukani, la kiwandani, limebandikwa kwa gundi isiyofunguka, linang'aa kama sahani. Mkewe alimshukuru, akalilaza juu ya kabati. Jioni walikaa chumba cha cherehani, cherehani imefunikwa, na mkewe alipoongea, Risasi asisikie, hakusema tena "ndiyo kabisa". Alisema, "Sijasikia, mama. Rudia." Mkewe akarudia, taratibu, uso wake umeelekezwa kwenye taa ili auone mdomo.